Kupunguza wanga si kutupa dawa

Dai linalosikika sana siku hizi ni kwamba madaktari wanawaficha wagonjwa wa kisukari habari za wanga ili dawa ziendelee kuuzwa. Mwaka 2019 Chama cha Kisukari cha Marekani kilitamka wazi, katika ripoti yake ya lishe, kuwa kupunguza wanga ndiko kwenye ushahidi mwingi zaidi wa kushusha sukari ya damu. Mwaka 2021 shirika la Diabetes UK likasema lishe yenye wanga chini ya gramu 130 kwa siku inaweza kuwafaa watu wazima wenye aina ya pili, hasa kwa muda mfupi. Ni kweli kwamba kwa miaka mingi wagonjwa waliambiwa wajaze sahani vyakula vya wanga, na lawama hiyo ni ya haki. Lakini anayesema leo kwamba miongozo inakataza kupunguza wanga, anabishana na miongozo ya zamani.

Upande wa pili wapo wanaotisha kuwa ubongo hauwezi kufanya kazi mtu akipunguza wanga. Ubongo hutumia glukosi nyingi kweli, lakini ini huitengeneza lenyewe, na ketoni zitokanazo na mafuta hujazia panapopungua. Hofu hiyo haina msingi.

Je, wanga kidogo unaponya kisukari? Uchambuzi wa tafiti 23 uliochapishwa na jarida la BMJ mwaka 2021 ulionyesha kuwa baada ya miezi sita, takriban watu 57 kati ya 100 waliopunguza wanga walirudi kwenye viwango vya chini ya kisukari, dhidi ya 31 kwa lishe nyingine. Ulipotimia mwaka mmoja, tofauti ilikuwa imefifia sana. Kisha kuna utafiti wa DiRECT wa Uingereza: karibu nusu ya washiriki waliowekwa kwenye lishe ya kupunguza uzito kisukari chao kilitulia ndani ya mwaka mmoja, ilhali supu na vinywaji walivyopewa vilikuwa na wanga zaidi ya nusu ya nishati yake. Walichopunguza ni chakula chote, wakapungua uzito, na mafuta yakatoka kwenye ini na kongosho. Kupunguza wanga ni njia mojawapo ya kufika huko, tena njema, ila si ya pekee. Na kisukari kilichotulia hurudi uzito ukirudi.

Dai linaloniogopesha ni lile la kuacha dawa siku unapoacha ugali. Anayetumia insulini au vidonge vya glibenklamaidi akipunguza wanga ghafla bila kupunguziwa dozi, sukari hushuka mno: jasho jembamba, kutetemeka, kuchanganyikiwa, hata kuzimia. Dozi irekebishwe na daktari kabla, si baada ya kuanguka. Wenye kutumia vidonge vya dapagliflozini au empagliflozini wana hatari nyingine: damu inaweza kujaa asidi ya ketoni huku kipimo cha kidoleni kikionyesha sukari ya kawaida. Kwa mwenye aina ya kwanza, kuacha insulini ni kifo. Kutegemea kunyima wanga bila insulini kulishajaribiwa. Kabla ya mwaka 1922, daktari Frederick Allen wa Marekani aliwanyima wagonjwa wake wanga, na karibu chakula chote. Watoto wengi waliishi muda kidogo zaidi wakiwa mifupa mitupu, kisha wakafa. Leonard Thompson, kijana wa miaka 14 huko Toronto, alidungwa insulini Januari 1922, akaishi miaka mingine 13.

Kwamba dona na asali “havina sukari” si kweli. Dona ina nyuzinyuzi zaidi ya sembe, lakini unga wowote wa mahindi ni wanga kwa karibu robo tatu ya uzito wake. Ugali wa robo kilo ya unga una wanga unaopita gramu 180. Asali nayo ni sukari kwa zaidi ya robo tatu ya uzito wake.

Lipo na dai kwamba lishe hii ni ya wenye fedha. Nyama kila siku ni ghali, sikatai. Lakini dagaa, mayai, mchicha, matembele na karanga vipo katika masoko mengi ya Tanzania na Kenya. Mboga zijaze nusu ya sahani, dagaa au maharage robo, ugali ubaki robo iliyosalia, na sukari ipimwe saa mbili baada ya kula.