Mtumiaji ni Nani?

Muhula uliopita nilikaa kwenye jopo la kutathmini miradi ya wanafunzi wa mwaka wa mwisho. Kundi moja lilikuwa limesanifu programu ya simu ya kuagiza chakula na kuletewa mlangoni. Kazi ilikuwa safi: maandishi makubwa, rangi zisizoumiza macho, wali na maharage kwa kubonyeza mara tatu tu. Walitueleza kwa fahari kwamba usanifu wao unamweka mtumiaji katikati, na kwamba waliwahoji watu 20 kabla ya kuchora chochote. Nikauliza: kati ya hao, mama ntilie walikuwa wangapi, na waendesha bodaboda wangapi? Hakuwamo hata mmoja. Wote 20 walikuwa walaji.

Siwalaumu vijana, walifanya tulichowafundisha. Tangu Donald Norman na Stephen Draper wahariri kitabu chao cha mwaka 1986 kuhusu usanifu wa namna hii, tunahubiri kwamba chombo kimfuate mtu, si mtu akifuate chombo. Kanuni ni njema. Ilipoingia mikononi mwa biashara, "mtu" akawa yule anayelipa, na wengine wote wakageuzwa sehemu ya chombo.

Kiswahili kinaliona jambo hili kuliko sisi wasemaji wake. Kutumia kumezaliwa na kutuma, na shina hilo hilo limetupa mtumiaji, mtumishi na mtumwa. Mlaji ndiye mtumiaji. Mwendesha pikipiki anatumwa tu. Lakini ni yeye anayeshinda ndani ya programu hiyo kutwa nzima, ilhali mimi huifungua kwa dakika tatu, nikiwa na njaa.

Masika iliyopita kijana mmoja aliniletea chakula kikiwa kimepoa, naye amelowa chapachapa. Mlinzi wa jengo letu alikuwa amemzuia getini karibu robo saa kwa sababu sikupokea simu. Niliiacha kwenye chaji chumba kingine. Programu ikaniuliza: nyota ngapi? Amechelewa? Hapakuwa na mahali pa kujibu kwamba kosa ni langu. Nilimpa nyota tano, lakini saa ya programu ilikuwa imekwisha kuandika ucheleweshaji wake, na saa hiyo haisikilizi mashahidi.

Nitaambiwa hayo ni mambo ya kiufundi. Mahakama ya Bologna, Italia, haikukubali hivyo mwishoni mwa mwaka 2020. Mfumo wa Deliveroo wa kugawa zamu ulimshusha daraja mwendeshaji aliyekosa zamu, bila kujali kama aliugua, aligoma au alilala tu. Mahakama iliona kuwa upofu huo ni ubaguzi.

Nitaambiwa pia kwamba vijana hawa ni wajasiriamali huru, wanaochagua saa zao. Uhuru gani huo wa mtu mwenye pikipiki ya mkataba, anayedaiwa hesabu na tajiri wake, mvua inyeshe isinyeshe?

Wala hatuhitaji kusubiri sheria mpya. Kifungu cha 61 cha Sheria yetu ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 kinamchukulia anayemfanyia mwingine kazi kuwa ni mwajiriwa, mkataba uwe wa sura yoyote ile, iwapo hata dalili moja kati ya zilizotajwa ipo, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Dalili ya kwanza ni kwamba namna anavyofanya kazi iko chini ya udhibiti au maelekezo ya mwingine. Skrini inayomhesabia dakika, kumwonyesha njia na kumpa alama ni nini kama si maelekezo? Nawauliza maofisa kazi mnaosoma hapa: ni lini mliomba kuonyeshwa skrini hiyo, ile ya mwendeshaji, si ile ya mteja?

Wale wanafunzi tuliwarudishia mradi, wakanuna. Wiki iliyofuata walikwenda kijiweni, wakaketi na waendeshaji mchana mzima. Ombi la kwanza waliloletewa halikuhusu rangi wala maandishi. Waliombwa kitufe kimoja cha kusimamisha saa, kilichoandikwa: "Nimefika, mteja hapokei simu."