Makala Yasipopulizwa Yanazimika

Kila mama anajua tabia ya mbabula. Makala yanawaka vizuri, lakini usipoyapuliza yanafunikwa na majivu, kisha yanazimika. Paulo alimkumbusha Timoteo vile vile, kwamba karama aliyopewa aichochee kama moto (2 Timoteo 1:6). Leo nasema juu ya waganga na wazalishaji wetu.

Katika watoto 100 wanaozaliwa, wengi wanalia wenyewe. Kama 10 wanahitaji kupanguswa na kusuguliwa mgongo ili wapumue. Kati yao, 3 mpaka 6 wanahitaji kupuliziwa pumzi kwa mfuko na maski, ndani ya dakika ya kwanza. Hapa Kabondo-Dianda, mtoto kama huyo hawezi kungojea treni ya Kamina. Anamngojea yule aliye karibu, njo yule tu.

Sasa hesabu mwenyewe. Kituo kinachozalisha mama 20 kwa mwezi kitampata mtoto huyo kama mara moja. Waganga wakiwa watatu, kila mmoja anaweza kumaliza miezi mitatu bila kushika mfuko ule. Mikono inasahau, hata kama cheti kiko ukutani.

Ndugu zetu wa hospitali ya Kilutheri ya Haydom, Tanzania, waliliona jambo hili. Mwaka 2010 walifundishwa siku moja. Miezi saba kisha, kwenye pupe ya mazoezi walifanya vizuri, lakini kwa watoto wenyewe kazi haikubadilika. Mwaka 2011 wakaanza mazoezi ya dakika chache, mara kwa mara, palepale kazini. Vifo vya siku ya kwanza vikashuka kutoka 11 hivi mpaka 7 hivi kwa watoto 1000.

Basi, ukimkuta muganga anapuliza pupe, usicheke eti anachezea kazi. Mwambie: Asante, Mama. Ninyi wa komite ya afya, ulizeni: ule mfuko uko karibu na kitanda cha kuzalia, ao umefungwa kabatini na mtu ametembea na ufunguo? Nanyi vijana mnaosomea uganga, msifunge daftari siku ya diploma.

Tuwaombee waganga wetu, ndiyo. Lakini tuwaachie pia zile dakika chache za kila juma, wapulize makala yao. Bwana awabariki.