Vijana Wafundwe Kabla ya Kadi Kuchapishwa

Ndugu zangu wa Kamembe, Bugarama na Nkombo, harusi zetu huandaliwa kwa bidii kubwa. Kamati huundwa, michango hukusanywa, mahari hupatanwa. Wengi hata huenda kupimwa damu pamoja, na hilo ni jema. Lakini ni nani anayewakalisha wawili hawa na kuwauliza: una madeni kiasi gani? Mama yako mjane atakaa na nani? Mtoto uliyemzaa kabla atalelewa wapi? Maswali haya huulizwa baada ya harusi, tena kwa ukali.

Wazee wetu walifunda, sikatai. Shangazi alimkalisha msichana. Ila somo lile lilikuwa la upande mmoja: binti alifundwa kustahimili, na alipopigwa aliambiwa "niko zubakwa", ndivyo nyumba zinavyojengwa. Kijana wa kiume aliulizwa kuhusu ng'ombe na nyumba, basi. Mafundisho ninayoyatetea ni ya wote wawili, wameketi pamoja, kila mmoja akisikia jibu la mwenzake.

Kwetu mpakani haja ni kubwa zaidi. Kati ya Kamembe na Bukavu upo mto Ruzizi tu, na watu wa ng'ambo zote mbili huoana. Kule Kongo sheria ya familia huhesabu mahari kuwa sharti la ndoa. Huku Rwanda katiba inaitambua ndoa ya mume mmoja na mke mmoja iliyofungwa mbele ya serikali, basi. Binti wa Kamembe aliyetolewa mahari na mfanyabiashara wa Bukavu, akashangiliwa na ukoo mzima, aweza kuishi miaka mingi akijiita mke huku sheria ya nchi yake haimjui. Hulitambua hilo siku mume anapofariki au anapomchoka, naye ana watoto wa kulea. Saa moja ya mazungumzo kabla ya posa ingemwonyesha.

Kisha mali. Sheria ya Rwanda ya mwaka 2016 kuhusu mali ya wanandoa ilitaja njia tatu: kuchanganya mali yote, kuchanganya ile itakayochumwa pamoja, au kila mmoja kubaki na yake. Wangapi wanazielewa kabla ya kusimama katika ofisi ya umurenge, wameshika bendera ya taifa, wazazi wakitazama? Hapo si mahali pa mjadala. Anayechagua njia ya pili au ya tatu hudhaniwa hampendi mwenzake, kwa hiyo watu hutia saini ili mambo yaishe. Mwanamke mwenye duka lake sokoni na mwanamume anayelipa mkopo wa pikipiki wana haki ya kulijadili jambo hili mapema, bila haya.

Wako watakaosema mapenzi hayafundishwi. Kweli, lakini kusemezana hufundishika. Mradi wa Indashyikirwa, uliofanyika nchini mwetu kati ya 2014 na 2018, ukafika hata Mkoa wa Magharibi, uliwakusanya wanandoa kwa vipindi 21 kujifunza juu ya mamlaka, hasira na fedha nyumbani. Ulipopimwa, ilionekana kwamba wanawake waliopitia mafunzo hayo walipigwa na waume zao mara chache kuliko wasioyapitia. Na wanandoa hao walikuwa tayari wanaishi pamoja. Kwa nini tungoje mpaka mtu apigwe?

Jimbo letu Katoliki la Cyangugu liliundwa 1981. Mwaka huohuo Papa Yohane Paulo wa Pili aliandika, katika wosia wake Familiaris Consortio, kwamba matayarisho ya ndoa huanza utotoni, huendelea mtu akifikia umri ufaao, na hukamilika karibu na siku yenyewe. Sisi tumeshika hatua ya mwisho tu, tena mbiombio. Mafundisho ya wiki ya mwisho, ukumbi umekwisha kulipiwa, hayamsaidii aliyegundua kwamba huyu si wa kuoana naye. Uchumba ukivunjika kwa sababu wawili wameambiana kweli, ukoo usione aibu. Mafundisho yamefanya kazi yake.

Kwa hiyo nawasihi mapadri, wachungaji na mashehe: waiteni wachumba miezi kadhaa kabla, mkae nao pamoja na wanandoa wazoefu. Viongozi wa umurenge, zielezeni njia tatu za mali katika Umugoroba w'Imiryango, vijana wakiwapo. Wazazi, msipange tarehe kabla watoto wenu hawajafundwa. Nanyi vijana, ulizaneni juu ya madeni wiki hii.