Kinamasi Kina Wenyewe

Cha wote hakina mlinzi. Kauli hii inapendwa sana na wapanga mipango ya mazingira, na dawa yake wanaijua: mpe mtu hati ya ardhioevu, kisha mlipe ruzuku ili asiilime. Ukiipeleka dawa hiyo Nchelenge, ufukweni mwa Ziwa Mweru katika Mkoa wa Luapula, Zambia, utamuua mgonjwa.

Marekani imewalipa wakulima tangu miaka ya 1990 ili sehemu za mashamba yao zirudi kuwa kinamasi, kwa mkataba wa miaka 30 au wa kudumu. Yule mkulima ana hati na mpaka, hivyo serikali inajua pa kubisha hodi. Huko Nchelenge itabisha wapi? Maji yakipanda, perege huingia kwenye kina kifupi kando ya matete. Dume huchimba kiota mchangani, jike hubeba mayai mdomoni. Mvuvi anawategemea hao. Matete yenyewe hukatwa na wanaoezeka na wanaosuka mikeka. Maji yakishuka, wengine hupanda mboga kwenye udongo uleule. Utamlipa yupi?

Atalipwa mwenye karatasi. Sheria ya Ardhi ya Zambia ya 1995 inaruhusu ardhi ya kimila igeuzwe kuwa ya hati ya miaka 99, chifu akiridhia. Tangaza leo kwamba kinamasi kina malipo, uone kesho nani yuko kwenye foleni. Wavuvi hutawaona. Ruzuku itakuwa imemzaa mmiliki ambaye hakuwapo, na kazi yake ya kwanza itakuwa kumfukuza mkata matete.

Tena si kweli kwamba kinamasi hiki hakina wenyewe. Masimulizi ya Luapula yanasema mwanamke aitwaye Nachituti, baada ya mwanawe kuuawa na chifu Nkuba, kaka yake mwenyewe, alimwendea Mwata Kazembe, mfalme wa Walunda, amlipizie kisasi. Nkuba alipouawa, Nachituti alimkabidhi Kazembe kapu la udongo na chungu cha maji, yaani ardhi na ziwa. Watu wanaosimulia hivyo hawajawahi kudhani kwamba maji ni ya mpita njia. Yana wenyewe, ila umiliki wao ni wa kusimamia, si wa kuuza.

Utaniuliza: mbona basi mpumbu, samaki aliyekuwa akipanda Mto Luapula kwa makundi makubwa kwenda kutaga, alikaribia kutoweka katikati ya karne iliyopita? Alimalizwa na soko. Wafanyabiashara wa Kasenga, ng'ambo ya mto upande wa Kongo, walinunua samaki kulisha wafanyakazi wa migodi ya Katanga, na nyavu ziliwasubiri mpumbu njiani kabla hawajataga. Mwenye hati naye angeuza, tena angekuwa wa kwanza.

Kama Lusaka ina fedha ya kulinda maji, imlipe anayebeba gharama. Kila mwaka, kuanzia 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, uvuvi hufungwa ili samaki wazaliane. Mvuvi anayetii huanika nyavu zake na kukopa unga dukani, na hapati hata ngwee kwa kutii kwake. Brazil humlipa mvuvi mdogo kima cha chini cha mshahara kila mwezi wa kufungwa, kwa mpango ulioanza 1991. Wapo waliojiandikisha huko bila kujua kutupa wavu; kwa hiyo hapa majina yahakikiwe hadharani kijijini, ambako kila mtu anajua nani ana mtumbwi.

Hatua ya pili haihitaji hata ngwee. Zambia hutoa mbolea na mbegu za mahindi kwa ruzuku. Tangu 1985, Marekani hiyohiyo humnyima ruzuku mkulima anayekausha kinamasi ili alime. Sharti kama hilo liwekwe Luapula, likimlenga anayechimba mifereji ya kukausha, si mama mwenye tuta la mboga. Kabla ya kumtafuta mwenye hati wa kumhonga asiharibu, serikali iache kumlipa anayeharibu, kisha imlipe anayetii.