Mfanyabiashara, Deni na Shahada ya Ng'ambo



Ndugu Waislamu, suala la Ijumaa hii limeletwa kwetu na kijana mmoja wa Mji Mkongwe, mwenye duka la viungo na sabuni za mwani karibu na Darajani. Sabuni hizo anatengenezewa na akina mama kumi na mmoja kule Paje. Sasa anataka kuomba nafasi katika vyuo vya biashara vyenye jina kubwa duniani, Harvard cha Marekani na INSEAD cha Ufaransa, apate shahada ya uzamili. Baba yake hataki kulisikia jambo hilo. Mama yake ameshaanza kuwaambia majirani.

Kwanza tuiondoe hoja dhaifu. Wapo wasemao kuwa elimu ya huko haina baraka kwa kuwa wenyewe si Waislamu. Maneno haya hayana mashiko. Sayyidna Umar (R.A.) amepokewa kuwa hakutaka mtu auze katika soko la Madina ila aliyeifahamu fiqhi ya biashara. Na aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana madeni. Nasi tujiulize, ni maduka mangapi hapa mjini ambayo deni huandikwa nyuma ya boksi la sigara, na boksi likipotea udugu nao hupotea? Mwenye kutaka kulitoa duka lake katika hali hiyo ametaka kheri.

Baba wa kijana anamtolea mfano Said Salim Bakhresa, mzaliwa wa Zanzibar aliyeacha skuli akiwa na umri wa miaka 14, akaanza na biashara ndogo ya chakula. Khabari hiyo ni mashuhuri. Lakini viwanda vya unga na boti ziendazo Dar es Salaam haziendeshwi kwa akili ya mtu mmoja. Zinahitaji wahasibu, wahandisi na mameneja, na hao wamesoma. Aliyeacha skuli alilazimika kuwatafuta waliosoma.

Ama vyuo vyenyewe, tuvitazame kwa insafu. Skuli ya biashara ya Harvard ilianzishwa mwaka 1908, na masomo yake ni ya miaka miwili. Ada peke yake imepindukia dola 70,000 kwa mwaka, mbali na nyumba, chakula na bima. INSEAD, iliyoanzishwa mwaka 1957 huko Fontainebleau, humaliza kwa kiasi cha miezi 10. Mwombaji hufanya mtihani wa GMAT au GRE, huandika insha, na huleta barua za watu wanaoijua kazi yake. Harvard husomesha kwa visa vya makampuni ya kweli: mwanafunzi hupewa tatizo, akatakiwa aseme angeamua nini. Aliyekaa darsa za fiqhi hatastaajabu, maana nasi tuliwekewa mas'ala na kuulizwa hukumu kabla sheikh hajasema lake. Ni njia nzuri ya kunoa akili.

Lakini wahitimu wengi wa vyuo hivi huishia kuajiriwa, hasa katika makampuni ya fedha na ya ushauri, na mishahara ya huko ndiyo inayowawezesha kulipa madeni yao. Kijana wetu anataka kurudi kuuza sabuni. Deni la dola laki moja na zaidi litalipwa kwa vipande vingapi vya sabuni? Na mikopo hiyo aghalabu ni ya riba. Wapo wanaoiita dharura. Dharura ni ya mtu anayekhofia nafsi yake. Mwenye duka linalomlisha hana dharura ya shahada, na sisi hatuwezi kumfungulia mlango huo. Abdurrahman bin Auf (R.A.) alipofika Madina hana kitu, nduguye Saad bin Rabii alimtolea nusu ya mali yake. Hakuichukua. Aliuliza soko liko wapi.

Rai yetu ni kuwa aombe. Kuomba hakumfungi. Harvard wana misaada inayotolewa kwa kuangalia uhitaji, na akipata fedha zisizo na riba, hata kwa kuchangiwa na jamaa, basi miezi 10 ni bora kwake kuliko miaka miwili. Asipopata, Skuli ya Biashara ya SUZA ipo Chwaka, na Strathmore ya Nairobi ina kozi za wenye biashara, ambazo mtu husoma kwa vipindi huku akirudi kazini. Wazazi wasione haya kwa jina dogo.

Lakini kabla ya yote, tulimuuliza nani atawalipa akina mama wa Paje akiwa hayupo. Alinyamaza kidogo, kisha akasema daftari la mishahara analishika dada yake, tangu mwaka 2020 ndege za watalii ziliposita. Basi dada huyo aandikiwe sehemu yake katika biashara, mbele ya mashahidi, kabla ya insha ya kwanza kutumwa. Mpaka tunaandika haya, hakuna aliyemuuliza rai yake.