Tumbo lina majina mengi



Mama mmoja wa kundi letu alitupa ruhusa tuwaeleze yaliyompata. Mtoto wake wa miaka miwili alilia akishika tumbo, naye akampeleka kwenye kituo cha afya. Munganga, kijana mwanaume, akamuuliza: «Mama, mtoto iko na nini?» Akajibu: «Tumbo inamukata.» «Anahara?» «Hapana.» Wakarudi nyumbani na dawa ya minyoo.

Kumbe tangu siku ya kwanza mtoto alikuwa akitoa choo kidogo kidogo, chenye makamasi na damu, mara nane ao kumi kwa siku. Lakini kwa mama huyu kuhara ni maji mengi. Kile kidogo hakukiita kuhara. Tena mama mkwe wake alikuwa amekaa pembeni, na kutaja mavi ya mtoto mbele ya kijana ni haya. Siku mbili zikapita. Waliporudi, mtoto alikuwa hawezi tena kusimama. Mungu asifiwe, alipona.

Hatumlaumu. Sisi tunaofundisha tunajua kwamba watu wawili wanaweza kutumia neno moja, kila mmoja na maana yake. Kwa sababu hiyo leo tujifunze maneno ya tumbo.

Kuhara. Kwa munganga, ni kupata choo laini ao cha maji mara tatu ao zaidi kwa siku moja, mchana na usiku. Mtoto mchanga anayenyonya tu anaweza kutoa choo laini mara nyingi, na huo si ugonjwa. Kwake tunaangalia kama kimebadilika: kimekuwa maji kuliko kawaida, ao kimezidi.

Kuhara damu, kwa Kifaransa disanteri. Damu inaonekana ndani ya choo, hata kama choo ni kidogo kama kijiko. Neno «damu» ndilo munganga anatafuta. Mkilisema, dawa inabadilika.

Kolera. Choo ni maji matupu, mengi, meupe kama maji tuliyooshea mchele. Mwili unaweza kukauka kwa saa chache tu. Hapo hatungoji asubuhi.

Kufunga choo, konstipasio. Wengi wetu tunahesabu siku. Lakini angalieni zaidi ugumu: choo kikavu kama cha mbuzi, na mtoto analia akisukuma. Mtoto anayenyonya anaweza kukaa siku kadhaa bila choo. Kama kinatoka laini, na yeye ananyonya vizuri na tumbo halijavimba, si kufunga.

Sasa yale maneno ya Kifaransa yanayoandikwa kwenye karte. Mengi yanaishia na «ite». Mwisho huo una maana moja tu: sehemu fulani ya mwili imewaka na kuvimba. Gastrite ni mfuko wa chakula. Anterite ni utumbo mwembamba. Kolite ni utumbo mpana, ule munganga anaita kolo. Apandisite ni kile kipande kidogo kama kidole kinachoning'inia kwenye utumbo mpana, upande wa kuume chini. Mkiona herufi GEA, ni gastrite na anterite pamoja, zilizokuja kwa ghafla: ndiyo kuhara na kutapika tunakokujua. Basi mkisikia «ite», msiogope jina. Ulizeni: «Munganga, ni sehemu gani, na ni nini iliyoiwasha?»

Utumbo mwembamba wa mtu mzima una urefu wa karibu metre 6, na ule mpana karibu metre 1 na nusu. Kazi kubwa ya utumbo mpana ni kunyonya maji yaliyobaki ili choo kipate kushikana. Ukiwa mgonjwa, maji yanapita tu, na mwili unakauka. Kwa hiyo tunampa mtoto anayehara maji ya serumu ya kunywa. Kama pakiti hakuna, chukueni litre 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi, vyote bila kuvijaza kilima. Msizidishe chumvi. Na titi lisikatwe.

Kuna neno lingine la kukimbia nalo: utumbo kuziba. Tumbo linavimba, choo hakitoki wala hewa, mgonjwa anatapika, mara nyingine kijani. Kwa mtoto mchanga, utumbo unaweza kuingia ndani ya utumbo, kama mkono wa shati uliokunjwa. Analia kwa nguvu akikunja miguu, ananyamaza akiwa amechoka, kisha anaanza tena. Baadaye choo kinaweza kutoka chekundu kama konfitiri. Huyo ni wa hospitali, saa ile ile. Na hapa tuseme wazi: pompi ya tangawizi ao pilipili kwa nyuma haiponyeshi utumbo wa mtoto. Inauchoma, na tunapoteza saa ambazo mtoto hana.

Mkifika mbele ya munganga, semeni mambo manne: ni mara ngapi kwa siku, ni ya namna gani na rangi gani, kuna damu ao makamasi, imeanza lini. Ongezeni kama anakunywa na kama anakojoa. Na kama haya inawafunga mdomo, bebeni kitambaa chenyewe ndani ya mfuko, mkifungue mbele yake. Hata mama mkwe hatakasirikia kitambaa. Yule mama wa kundi letu, safari ya pili, ndivyo alivyofanya. Munganga aliangalia mara moja tu, na kabla ya jioni mtoto alikuwa amepata dawa inayomfaa.

Kwa mkutano ujao, kila mama alete neno moja alilowahi kuandikiwa kwenye karte bila kuelezwa maana yake. Tutayaandika ubaoni na kumuomba munganga wa kike aje kutusomea. Mtoto mdogo hawezi kujisemea tumbo lake. Sisi ndio mdomo wake.

Mbaki na amani.