Dinari Mbili za Msamaria: Tafakari Kuhusu Bima ya Afya



Ndugu wapendwa katika Kristo, katika jumuiya zetu ndogo ndogo hapa Usa River tangazo la mgonjwa halipiti bila kuitikiwa. Mwenzetu anapolazwa Mount Meru au KCMC, michango hukusanywa, na wajumbe huenda kumjulia hali wakiwa na bahasha mkononi. Ni desturi njema, ni Injili inayotendwa. Hata hivyo, juma hili tunapenda kusema jambo ambalo huenda si wote watakaolipokea kwa furaha: upendo unaongoja mtu alazwe ndipo uchange, mara nyingi huwa umechelewa. Tayari ng'ombe ameuzwa, au kipande cha shamba kimewekwa rehani. Tunashauri upendo huohuo utangulie, na katika zama zetu njia mojawapo ya kuutanguliza ni bima ya afya.

Tuitazame upya habari ya Msamaria Mwema katika Injili ya Luka, sura ya 10. Twamsifu kwa huruma yake njiani, kwa mafuta na divai, na kwa kumpandisha majeruhi juu ya mnyama wake. Lakini twapita haraka mno alichokifanya siku ya pili. Alimkabidhi mwenye nyumba ya wageni dinari mbili, yaani malipo yaliyotangulia, kisha akapatana naye kuhusu gharama itakayozidi. Hakuacha jambo hilo likielea hewani. Huruma yake ilikuwa na hesabu, na hesabu hiyo ilieleweka kwa pande zote mbili. Kulipa mapema, na kujua kilicholipiwa: hayo mawili ndiyo tunayotaka kuyatafakari.

Mama Kanisa hakulinyamazia suala hili. Papa Yohane XXIII, katika waraka wake Pacem in Terris wa mwaka 1963, aliyataja matibabu miongoni mwa haki za kila mwanadamu. Papa Yohane Paulo II, katika Laborem Exercens ya mwaka 1981, alifundisha kwamba wafanyakazi wapate matibabu kwa urahisi, na kadiri iwezekanavyo kwa gharama nafuu au bila malipo. Basi anayetafuta bima anayoimudu hatafuti anasa. Anatafuta haki yake.

Katika nchi yetu, uchangiaji wa gharama katika hospitali za serikali ulianza mwaka 1993. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) ulianza kazi mwaka 2001 kwa ajili ya watumishi wa umma: mtumishi akikatwa asilimia 3 ya mshahara na mwajiri akichangia asilimia 3, akatibiwa yeye, mwenzi wake na wategemezi wanne. Lakini wengi wa waumini wetu hawana mshahara wa kukatwa. Tunamfikiria mama anayeuza ndizi katika soko la Tengeru, kijana wa bodaboda pale Leganga, na kibarua wa msimu katika mashamba ya maua.

Kwa ajili ya watu wa namna hiyo ulibuniwa Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF), ulioanza kwa majaribio Igunga mwaka 1996. Ulipoboreshwa mwaka 2018, mchango wake uliwekwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita, sawa na shilingi 5,000 kwa kila mmoja. NHIF nao walileta Toto Afya Kadi, kwa shilingi 50,400 kwa mtoto kwa mwaka, na Novemba 2019 wakatangaza vifurushi vya watu binafsi vilivyoanzia shilingi 192,000. Viwango hubadilika, na cha sasa sharti kiulizwe ofisini. Tumevitaja ili ionekane jinsi umbali kati ya bima na bima ulivyo mkubwa, na jinsi ilivyo hatari kuchagua kwa kutazama bei peke yake.

Habari ya Toto Afya Kadi ina fundisho zito. Mwaka 2023 NHIF walisitisha uandikishaji wa mtoto mmoja mmoja, wakaelekeza watoto waandikishwe kupitia familia au shule. Sababu waliyoieleza ni kwamba wazazi wengi waliwaandikisha watoto wakiwa tayari wagonjwa. Hatumlaumu mzazi aliyekimbilia kadi mtoto akiwa hoi; tunaijua hofu yake. Lakini hesabu haina machozi. Bima ni chungu cha pamoja: wakichota wagonjwa tu, na wazima wakakaa mbali, chungu hukauka, na kesho hakuna wa kusaidiwa. Kwa sababu hiyo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge Novemba 2023, inamtaka kila mkazi awe na bima, na inaweka utaratibu wa kuwagharamia wasio na uwezo. Tunaiunga mkono nia hiyo.

Wapo wanaosema kwamba kukata bima ni kujitabiria ugonjwa. Huo si imani, ni ushirikina uliovaa rozari. Wapo pia wanaosema, "Mwaka umeisha sikuugua, fedha yangu imepotea." Haikupotea, ndugu. Imemtibu jirani ambaye humjui. Tunapotoa sadaka hatudai chenji.

Hata hivyo, kuwahimiza watu walipe bila kuwaeleza wanacholipia ni kuwaonea. Kadi ya CHF iliyoboreshwa ilianzia zahanati, ikapanda kwa rufaa hadi hospitali ya rufaa ya mkoa. Haikukusudiwa kufika hospitali ya kanda kama KCMC. Aliyedhani inafika huko aliujua ukweli akiwa dirishani. Na Machi 2024, baadhi ya hospitali binafsi zilisitisha kwa muda kuwahudumia wanachama wa NHIF kutokana na mvutano juu ya bei mpya za huduma. Kwa hiyo, kabla ya kulipa, tuulize: Kadi hii inapokelewa vituo gani karibu nasi? Inaanza kazi lini, na kuna huduma zenye muda wa kusubiri? Upasuaji, uzazi, vipimo vikubwa na dawa za kisukari na shinikizo la damu zimo? Kuna kikomo cha fedha kwa mwaka? Nani ndani ya kaya anahesabiwa? Anayeuza bima asiyeweza kujibu kwa maandishi, tusimpe fedha. Kwa kampuni binafsi, tuthibitishe kwanza kwamba zina leseni ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA.

Tuwaambie na wanaosimamia bima na vituo vya afya: kadi halali isiyopata dawa ni ahadi iliyovunjwa. Maskini akirudishwa mara mbili mikono mitupu, hatalipa mara ya tatu, wala mahubiri yetu hayatamrudisha.

Mwisho, tunapendekeza jambo la kutendwa. Kila jumuiya imteue mtu mmoja anayesoma vizuri, aende katika ofisi zinazohusika, alete maelezo ya bima zilizopo, na yasomwe baada ya sala ya jumuiya hadi yaeleweke. Kila kaya iweke shilingi 1,000 kwa juma. Kwa mwaka ni shilingi 52,000, zilizokatwa kidogo kidogo bila kuumiza. Pasipotosha, angalau sehemu kubwa ya mchango imepatikana. Na katika kila jumuiya itambuliwe kaya moja isiyoweza kabisa, ya mjane au ya yatima, tuilipie sote. Tunaoweza kuchangia kamati ya harusi kwa miezi mitatu hatuwezi kusema kwamba hili limetushinda. Tukumbuke pia kwamba, kwa Sera ya Afya ya mwaka 2007, wajawazito, watoto chini ya miaka mitano na wazee wasio na uwezo wamepewa msamaha wa gharama katika vituo vya serikali, tuwasaidie kuudai.

Msamaria alipoondoka asubuhi ile, majeruhi alibaki mikononi mwa mwenye nyumba, gharama yake ikiwa imekwisha kupatanwa. Tuwaachie wenzetu amani ya namna hiyo.

Mungu awabariki nyote. Amina.